Siku Bibi Arusi Alipofumbua Macho

Alhamisi, mwezi wa Mfunguo Tatu, baada ya sala ya alasiri. Manyunyu tangu alfajiri, na upepo wa kusi unaingia mpaka ndani. Mtaa wetu wa Mkomani umelowa, watu wamejifungia majumbani, na mimi nimekaa dirishani na wino wangu. Mikono bado inanuka udi na hina.

Nina furaha leo, tena furaha ya kujisifu, na sioni haya kuisema. Mji unanisema tangu jana. Nusu wananilaani, nusu wananicheka, na kama wapo wanaonisifu basi wananisifu kwa sauti ndogo. Sijali. Nilifanya nilichofanya, na nikiambiwa nirudie nitarudia leo hii, na mvua yake.

Jana nilimfumbua bibi arusi macho mbele ya watu.

Labda atakayezisoma karatasi hizi ni mjukuu wangu, mimi nikiwa nimeshakwenda zangu, na huenda siku hizo mambo yamegeuka, kwa hiyo nieleze. Hapa Amu bibi arusi akishakaa ndani na mumewe siku chache, hutolewa nje. Kutolewa nje si kupelekwa njiani, Mungu apishe mbali. Ni kukalishwa ukumbini kwenye kiti cha enzi, amepambwa kuanzia utosini hadi vidole vya miguu, wanawake wa mji waje wamtazame. Nao hawatazami kimya. Wanasema mbele yake: pua hivi, shingo hivi, nyanyake alikuwa mzuri kumshinda. Muda wote huo bibi arusi amefumba macho. Hafumbui hata akisikia nyumba inaungua. Ndiyo haya, ndiyo adabu, hivyo ndivyo walivyokaa mama zetu na hivyo ndivyo tulivyokaa sisi.

Mimi ndiye ninayewapamba. Mimi ndiye somo wao, ninayekaa nao ndani, ninayewafunza, ninayewatia hina na wanja, na siku ya kutolewa nje ninayesimama kando ya kiti na kipepeo cha kumpepea mkononi. Bi Zena wa Mkomani, muulize yeyote. Hakuna uso wa mwanamke wa mji huu nisioujua, na huko Pate pia, kutoka Mbwajumali mpaka Chundwa, wananiita.

Basi nizungumze habari ya nyuso kidogo, maana ndiyo kazi yangu na ndiyo niliyotaka kuiandika.

Watu husema uzuri ni pua. Wengine husema uzuri ni meno, uwe na mwanya na ufizi mweusi. Wanauhesabu uso kama kuku aliyekwisha katwa, paja hili, kidari hiki. Mimi nimewapamba wanawali waliojaliwa kila kitu, ukimtoa mmoja wao ukumbini watu wanamtazama mara moja kisha wanarudi kwenye tambuu zao. Na nimempamba mwanamwali wa Chundwa ambaye meno yake yamepandana hata mdomo haufungi vizuri, na watu wakakataa kuondoka. Walikaa wakimtazama mpaka wakapitiwa na sala.

Najua pia kwamba macho ya watu yanadanganyika upesi. Mwenye pua nene mtie kipini kikubwa, pua inasinyaa. Mwenye uso mpana mtie majasi mapana masikioni, uso unapungua. Macho yaliyosogeleana uyavute kwa wanja kuelekea nje, na yataachana yenyewe. Wanaotazama hawajui wanachotazama. Wanajua tu wamependa au hawakupenda, kisha wanatafuta sababu.

Mimi mwenyewe pua yangu imekaa usoni kama imealikwa peke yake. Nimeolewa mara tatu. Wawili waliniacha kwa sababu ya ulimi wangu, si kwa sababu ya sura, na huyu wa sasa, Bwana Shee, husema hajaona mwanamke mzuri kama mimi. Simbishii.

Jambo jingine. Mama zetu walitembea ndani ya shiraa, kitambaa kikubwa kama hema, watumwa wameshika miti yake huku na huku, mwanamke hakuonekana hata ukucha. Sasa watumwa wamepata uhuru wao, alhamdulillahi, na hakuna wa kumshikia mtu shiraa. Mabuibui yameingia kutoka Arabuni, na kila mwenye uwezo amejishonea. Na ukivaa buibui ukajifunga ukaya usoni, kinachobaki wazi ni macho. Miaka hii watu wameanza kusifiana macho njiani kuliko zamani, nimelisikia mwenyewe. Lakini nimekaa nikalifikiri nikacheka peke yangu. Njiani mwanamke wa Amu haonekani ila macho, na siku ya kutolewa nje anaonekana kila kitu ila macho. Hakuna siku hata moja watu wanauona uso mzima.

Sasa nije kwa Mwanaesha.

Mwanaesha ni binti wa Bi Khadija, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Bi Khadija ni mwanamke mtulivu kupita kiasi, anazungumza huku akitazama chini, ukimsalimia anaitikia zulia. Nilidhani ni haya. Binti yake ni mrefu, shingo ina mikunjo, pua imenyooka, ana mwanya, akicheka mashavu yanabonyea. Na ana makengeza. Jicho la kulia linakutazama, la kushoto lina shughuli zake upande mwingine.

Mimi makengeza hayajapata kunitisha. Aliyetishika ni mama yake. Tangu mtoto mdogo alimfunza kugeuza uso mtu akiingia, kuvuta upande wa kanga, na alipoanza kuvaa buibui, kuuvuta ukaya mpaka ulifunike jicho la kushoto kabisa. Hata kioo hakikuwamo nyumba ile. Siku ya kwanza nilipokwenda kumtia singo ya manukato mwilini nikaomba kioo, Bi Khadija akaniambia kimevunjika. Nikatazama ukutani nisione hata alama ya msumari.

Na hapo ndipo lilipotokea kosa. Watu wa njiani waliona jicho moja, kila siku lile lile moja. Wakasema, basi hilo la pili halipo. Wakasema Mwanaesha ni chongo.

Fikiri! Msichana ana macho mawili mazima, yanaona mpaka Manda kukiwa hakuna ukungu, na nusu ya mji inamhesabu kipofu wa jicho moja, kwa sababu mama yake alitaka kumsitiri.

Aliyemposa ni Athmani, fundi wa kuchonga milango. Mama yake alifariki zamani, akalelewa na shangazi yake, Bi Rukia. Huyu Bi Rukia ni mwanamke ambaye akiingia ukumbini hata paka anakaa vizuri. Neno lake kwa Athmani ni neno la mama. Yeye ndiye aliyekwenda kumwangalia msichana kabla ya posa, kama ilivyo ada, na Mwanaesha akaingia na kahawa ameinamisha macho, kama ilivyo ada pia. Msichana mwenye adabu hamwinulii macho mtu aliyekuja kumwangalia. Bi Rukia akaona pua, akaona shingo, akaona mikono, akarudi amesifu. Macho hakuyaona, wala haikumpitikia kwamba hakuyaona.

Nikah ikafungwa. Athmani akaingia ndani.

Bi Khadija usiku ule alikuwa hoi kwa woga. Aliniambia: fundi huyu hupima mbao za mlango kwa kamba, upande mmoja ukizidi mwenziwe unywele anaitupa mbao, je, atayavumilia macho yasiyolingana? Nilimwambia aende akalale. Mimi nilimjua Mwanaesha.

Asubuhi mwari wangu akanihadithia, huku akijiziba mdomo kwa kucheka. Athmani alipomfunua uso alimpa jazua yake, ile zawadi ambayo mume humpa mke anapomwona uso mara ya kwanza. Alimpa bangili za fedha, tena akampa kioo, mbao yake ameichonga yeye kwa mkono wake, maua na majani pembeni kote. Kisha akamwomba amtazame. Mwanaesha akamtazama. Athmani akamuuliza, "Mke wangu, wanitizama mimi au wautizama mlango?"

Msichana akamjibu, "Ito moja lakutizama wewe, na la pili lautizama mlango usikimbie."

Alicheka Athmani! Tuliokuwa ukumbini tulimsikia, na mimi nikajua ndoa imesimama.

Lakini ndoa haisimami kwa wawili tu katika mji wetu. Kabla ya siku ya kutolewa nje, maneno ya chongo yakamfikia Bi Rukia. Bi Mize, jirani yake, alimwambia mbele ya wanawake wamejaa: wewe wasifu nyuso za watu, na umemtafutia mwanao mke wa ito moja. Bi Rukia hakuzoea kuchekwa. Akasema, naye akisema hutenda, kwamba atakuja siku ya kutolewa nje, na akiona amedanganywa, Athmani atatoka nyumba ile kabla fungate haijaisha.

Athmani angeweza kumweleza shangazi yake, lakini bwana arusi hatoki ndani ya fungate. Hata angetoka, nani anamsadiki mwanamume aliye katika siku hizo? Wangesema amelishwa kitu.

Basi juzi tulikaa ndani watu watatu, mimi na mama na binti, na tukagombana kwa sauti ya chini.

Bi Khadija alitaka macho yafumbwe kama desturi. Atafumba, watamtazama, watakwenda zao, hakuna atakayeona makengeza. Nikamwambia, Khadija, hujaelewa. Desturi ingekufaa kama wasingekuwa wanasema chongo. Sasa akifumba watarudi makwao wakiapa kwamba wameshuhudia, kwamba tulifumba kuficha pengo. Bi Rukia hangoji zaidi ya hapo.

"Heri waseme kuliko waone," akasema Bi Khadija.

Neno lile liliniuma. Nilimtazama, naye akatazama busati.

Mwanaesha akasema, "Mama, heri waone." Kisha akaanza kulia, kilio cha hasira, na kusema kwamba amechoka kutembea na nusu ya uso. Kwamba tangu utotoni anajua njia zote za mji huu kwa upande wa kulia tu. Kwamba mtu wa kwanza kumtazama usoni sawasawa ni mume wake, na kama atampoteza, ampoteze watu wakiwa wamemwona yeye, si wakiwa wamemsikia.

Nikalia na mimi. Kisha nikapenga hii pua yangu na nikasema: haya. Nikikushika bega, fumbua.

Bi Khadija aliinuka akaenda kutazama sufuria.

Jana nilimpamba tangu asubuhi. Niandike nilivyofanya, maana ni kazi nzuri na sidhani nitaifanya nzuri kuliko ile. Siku nyingine, mwenye makengeza ningempaka wanja mwembamba, nimshushie nywele na asumini kando ya uso, nimtie kipini cha kumeremeta ili watu washughulike na pua. Jana nilifanya kinyume. Nilimtia kipini kidogo kabisa. Asumini zote nilizirudisha nyuma ya masikio. Wanja nikaupaka mzito, jicho la kulia na la kushoto sawasawa, nikauvuta mwisho wake karibu ufike masikioni. Nilitaka atakayeingia mlangoni, hayo macho akishayaona, dhahabu aione baadaye.

Nilipomaliza nilimpa kioo cha mumewe. Alijitazama muda mrefu, akainamisha kichwa huku na huku. Akasema, "Somo, kumbe ndivyo nilivyo."

Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Udi umetanda, tari zinapigwa, watoto wanakanyagwa. Tukamtoa ameshikwa huku na huku, amefumba, tukamkalisha kwenye kiti cha enzi, mikono juu ya magoti watu waone hina. Nikasimama kando yake na kipepeo. Bi Khadija alijibanza nyuma ya nguzo ya mlango. Bi Rukia alikaa mbele kabisa, buibui ameliteremsha mabegani, hatafuni tambuu wala haongei.

Wakaanza. Shingo, mashallah. Pua, pua ya kwa baba yake. Midomo hiyo ingepungua kidogo. Mikono mizuri. Kisha sauti zikapungua, na ikaja ile minong'ono niliyokuwa nikiingoja. Nilimsikia Bi Mize, ambaye minong'ono yake husikika mpaka ufukweni: "Mwenye mato mawili hana haja ya kufumba kwa nguvu hivyo."

Watu wakacheka. Si wote. Lakini wakacheka.

Bi Rukia akakunja uso, akaanza kuliinua buibui lake kutoka mabegani. Alikuwa anataka kuondoka. Na nilijua akivuka kizingiti kile, hakuna atakayemrudisha.

Nikamshika Mwanaesha bega.

Alifumbua.

Tari zikakatika. Tari moja ilipigwa mara mbili peke yake, kisha mpigaji akaona aibu akaacha. Kuna bibi kizee alisema "Audhubillahi", kwa sababu bibi arusi mwenye macho wazi hajapata kumwona maisha yake. Na Mwanaesha amekaa wima, hakuinama, hakugeuza uso. Jicho la kulia likamtua Bi Rukia. La kushoto likaenda lilikokwenda. Kisha, na hilo sikumfunza mimi, akatabasamu, mwanya ukaonekana, mashavu yakabonyea.

Bi Rukia akasimama, akaja mpaka kitini. Akamshika kidevu kwa vidole viwili akamgeuza kwenye mwanga wa kiwanda, ule ua wa ndani, upande huu, upande ule, kama mtu anayenunua kitambaa.

Akamwachia kidevu. Akageuka kuutazama ukumbi.

"Mato ni mawili," akasema. "Nimeyaona kwa haya yangu mawili. Alosema ni moja na aje hapa mbele, tumtizame na yeye uso wake."

Hakuna aliyekwenda.

"Tena," akasema Bi Rukia, "hili moja lanitizama mimi, na hili la pili lautizama mlango, lamwona anayetaka kutoroka."

Kweli kabisa, Bi Mize alikuwa mlangoni anatafuta viatu vyake. Ukumbi ulipasuka kwa kicheko, vigelegele vikafuata, tari zikaanza upya. Na mimi nikabaki nimeduwaa na kipepeo changu, kwa sababu hakuna aliyemhadithia Bi Rukia ule utani wa ndani. Shangazi na mke wa mwana wamewaza neno lile lile. Hao watapatana mpaka watuchoshe.

Kuanzia hapo ungesikia jinsi watu walivyogeuka. Wale wale. Pua ileile, shingo ileile, lakini sasa kila mtu ameona jambo. Macho ya kusinzia, akasema mmoja. Macho ya hamu, akasema mwingine, hutajua anakutazama au hakutazami. Aliyekuwa amesema midomo ipungue akasema midomo hiyo imetoshana na macho hayo. Nilisimama pale nikiwasikiliza na nikasema moyoni, Zena, ulijua, lakini hukujua hivi. Nilidhani wanja wangu ndio unaogeuza macho ya watu. Wanja ulifanya kazi yake, siukani. Ila msichana aliacha kujificha, na mwanamke mmoja anayeogopwa akasema sawa, na hilo lilifanya kazi kuliko kijaluba changu kizima cha wanja.

Bi Rukia alipokuwa anaondoka alinisogelea. Akaniambia, "Wewe Zena huna adabu hata chembe." Nikamwambia najua. Akaniambia, "Mjukuu wangu akiolewa, utakuja kumpamba wewe." Akaenda zake.

Wapo walionuna, nisiwe mwongo. Yule bibi kizee amesema nimefungua mlango ambao hautafungika, kwamba mabinti sasa watakaa wamekodoa kama samaki. Huenda. Leo asubuhi nikipita ujia wa msikitini nilimkuta binti wa jirani amechungulia birika la maji, anajaribu kuvuta jicho moja pembeni. Mama yake akamchapa kofi la mgongo. Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Lakini si hilo lililonikalisha dirishani leo na wino.

Nilikwenda kumjulia hali mwari wangu kabla ya adhuhuri. Nilipoingia ukumbini niliona kioo kimetundikwa ukutani, baina ya vidaka vya vyombo, mahali pa heshima. Msumari mpya. Athmani ndiye aliyekitundika, na mama mkwe hakuthubutu kumkataza. Mwanaesha alikuwa mbele yake anajisuka, uso wazi, anaimba. Alinisalimia kupitia kioo bila kugeuka, mambo ya watu waliozoea vioo.

Bi Khadija akaingia na sinia ya kahawa. Alikuwa amechoka, macho mekundu, nadhani alilia usiku kucha, sijui kwa furaha au kwa nini. Akaweka sinia chini. Binti yake akamwambia, "Mama, njoo uone." Akamshika mkono, akamvuta kwa nguvu ya utani mpaka wakasimama pamoja mbele ya kile kioo.

Bi Khadija akainua macho.

Nilikuwa nyuma yao. Nikaona nyuso mbili kiooni. Na nikaona jicho la kushoto la Bi Khadija likimwacha mwenziwe, polepole, likaenda upande wake, vilevile kama la binti yake.

Mimi! Mimi ninayejisifu kila siku kwamba hakuna uso nisioujua! Nimeishi nyumba tatu kutoka kwake tangu sote tukiwa wasichana. Tumekula pamoja, tumezikiana, tumezalishana. Na sijapata kumwona macho. Alikuwa ananizungumzisha huku akitazama zulia, nami nikasema ni haya, nikamsifu kwa watu kwa haya yake.

Mwanaesha hakushangaa. Nadhani alijua tangu mtoto. Alimshika mama yake kiuno, akaegemeza kichwa begani pake, wakatazama. Bi Khadija akagusa kioo kwa kidole, pale penye jicho lake. Kisha akaniona nyuma yake, na akaanza kuinamisha kichwa kama ada yake.

Nikamwambia, "Khadija, usinitizamie busati." Sauti yangu ilitoka mbaya, ya mtu anayelia.

Akanitazama. Kwa mara ya kwanza maishani mwetu, akanitazama. Akasema, "Mama yangu alinambia hakuna atakayenitaka." Ni hayo tu. Kisha akamimina kahawa.

Ni mzuri. Ninaandika kama mtu wa kazi hii, si kama shoga yake. Ana macho makubwa yenye kope ndefu, na yakiinuliwa uso wote unaamka, hata ile mistari ya mdomoni inapungua. Amekaa nayo chini miaka yote hii, na hata mumewe sidhani amewahi kuonyeshwa kwa mchana.

Mumewe alikwenda shambani kwake Chundwa baada ya kufunga nikah ya binti, na kesho anarudi kwa sala ya Ijumaa.

Nimekwisha kuosha kijaluba changu na kusaga wanja mpya. Kesho nikishaswali alfajiri nakwenda nyumba ya tatu. Mwanaesha hanihitaji tena. Nitamkalisha mama yake kwenye kile kiti cha enzi, mbele ya kioo, nami sitampaka mpaka aniinulie macho.